Uzito wa Upau Uliokatwa

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu mzima anayekohoa chumba cha pili, mara moja tu, halafu kimya. Nilikuwa juu ya ngazi, kichwa katikati ya pau, msumeno mkononi, na upau niliokuwa nimemaliza kuukata ukashuka. Kama nusu inchi hivi. Bati halikuanguka, mimi sikuanguka. Vumbi la miaka mingi lilinimwagikia machoni, basi. Lakini chini, kwenye ukumbi, Mjomba aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi akinitazama bila kusema neno, akasimama.

“Mjomba! Hapo hapo. Usitikisike.”

Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba. Alikuwa seremala kabla magoti hayajamkatalia, na tangu nianze kazi hii alikuwa ameniuliza swali moja tu: “Umeshika kwanza?” Nami nilijibu nimeshika, nikidhani anauliza kuhusu ngazi.

Nieleze kidogo. Nyumba yetu Tanga ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani nyuma. Ukumbi wa nyumba hizi hauna dirisha. Mwanga wake ni wa kuazima, unaingia kwa mlango wa mbele na mlango wa uani, na mvua ikinyesha milango ikafungwa, saa sita mchana mnawasha taa. Mama tangu apate kiharusi kitanda chake kiko mwisho wa ukumbi, kwa sababu dada yangu hushona hapo hapo na anataka awe anamwona. Kwa hiyo Mama hulala mahali penye giza kuliko pote nyumbani, na hakuna aliyekosea. Ndivyo nyumba ilivyo.

Mimi nikaja na wazo la dirisha la paa.

Niko Dar es Salaam, naandika magazetini, na kama wenzangu wengi wa umri wangu nimejifunza ufundi mwingi kwa kutazama video usiku. Dirisha nililipata kwenye duka la vitu vya mtumba, la aina ile inayofunguka katikati kwa kubinuka. Ukitaka kujua ukoo wake, dirisha la aina hii ni mambo ya Denmark: Villum Kann Rasmussen alianzisha kampuni yake mwaka 1941, na jina Velux likaundwa kwa kuunganisha uingizaji hewa na neno la Kilatini la nuru, lux. Karatasi ya maelekezo iliyobaki ndani ya boksi ilizungumzia theluji. Nilicheka sana. Tanga hatuna theluji, nikajiambia, kwa hiyo hesabu yote ya uzito hainihusu.

Yalikuwepo mawili dukani. Moja lina upana wa sentimita 55, jingine 78. Pau za nyumba yetu zimeachana futi mbili na inchi tatu kutoka katikati hadi katikati, kwa hiyo kati ya upau na upau kuna uwazi wa sentimita kama 63. Lile dogo lingeingia katikati bila kugusa upau wowote. Ningekata bati, na papi mbili tatu, zile mbao za mlazo ambazo bati hupigiliwa juu yake, halafu kufunga fremu. Siku moja kazi imekwisha. Nililijua hilo kwa sababu nilikuwa na vipimo kwenye simu. Nikachukua kubwa. Ukiniuliza kwa nini, nitasema kwa ajili ya Mama, mwanga zaidi. Ukweli ni kwamba kubwa lilikuwa linapendeza, na nilishaiona picha yake kichwani, mimi nikiwa nimesimama chini yake.

Sasa upau ni kitu gani? Ni ile mbao inayopanda kutoka juu ya ukuta hadi kwenye mgongo wa paa, inakutana na mwenzake aliyetokea upande wa pili, wanaegemeana. Hapo ndipo akili ya paa ilipo. Hakuna upau unaosimama peke yake. Kila mmoja unaubeba ule wa mbele yake kwa kuuegemea, na zote mbili zinasukuma kuta nje, ndiyo maana chini kuna boriti ya kukingama, ile ambayo wazee wanaiita mtambaapanya, inayozuia kuta zisiachane. Ukikata upau mmoja katikati, vipande vyake viwili haviwi huru. Vinabaki na uzito ule ule, ila sasa havina pa kuupeleka.

Mafundi wanajua dawa yake, na si siri. Kwanza unasimamisha mirunda chini ya upau utakaoukata, juu na chini ya pale dirisha litakapokaa, unaikaza kwa kabari hadi isikie uzito. Kisha jirani wa kushoto na jirani wa kulia unawaongezea kila mmoja mbao nyingine ubavuni, nzima, kutoka ukutani hadi kwenye mgongo. Hapo ndipo unakata. Halafu unalaza mbao za kukingama, mbili mbili, juu na chini ya tundu, ili vipande vya upau uliokatwa viegemee hapo, na mbao hizo zinaupeleka uzito kwa majirani. Yaani tundu la paa halifuti mzigo. Linaugawa.

Mimi nilianza na msumeno. Nilikuwa nimezinunua zile mbao za kuongezea, ziko uani zimeegemezwa ukutani, safi kabisa. Niliona nikate kwanza ili nipate nafasi ya kufanya kazi, hayo mengine yatafuata.

Tulisimamisha mirunda haraka, Mjomba akiamrisha na mimi nikitetemeka. Kijana wa jirani akaleta jeki ya gari, tukaupandisha upau taratibu hadi ukarudi. Nilipopumua nikasema, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kusamehewa mapema, “Lakini mjomba, si umeona? Halikuanguka.”

Mjomba hakunijibu. Aliomba uzi. Akanituma nikaufunge chini kabisa kwenye upau wa kushoto, niuvute hadi juu, niukaze. Kisha akasema, “Tazama katikati.” Katikati ya ule upau, mbao ilikuwa imeuacha uzi kwa upana wa kidole. Ilikuwa imepinda. Tukapima wa kulia, vile vile. Papi na misumari na bati zilikuwa zimewarushia wale wawili kazi ya mwenzao, bila mbao ya kukingama, bila nyongeza, na wao wakaipokea.

“Halikuanguka,” akasema Mjomba, “kwa sababu hawa wameumia.”

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo bado sijalipatia jibu la kunitosha: mtu akijitoa kwenye mzigo, na mzigo usianguke, je, hana hatia?

Tulizaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa alikwenda Muscat kutafuta maisha, miaka tisa sasa. Mimi nikaenda chuo Dar nikabaki huko huko. Dada, wa katikati, akabaki na cherehani yake. Hatukukaa kikao cha kuamua hivyo. Kaka alipoondoka tulimsindikiza kwa dua na maandazi. Mimi nilipoondoka yeye dada ndiye aliyenishonea suruali ya kwendea chuo. Mama alikuwa mzima, nyumba ilikuwa imara, nani angefikiria mirunda? Kisha Mama akaanguka bafuni alfajiri moja, na kuanzia hapo yupo mtu mmoja anayemgeuza kitandani, anayemwogesha, anayehesabu vidonge, anayeamka saa nane za usiku. Sisi wawili tunapiga simu. “Mambo vipi huko?” “Yanakwenda.” Tukikata simu tunashukuru Mungu yanakwenda. Kwa miaka minne sikuwahi kuuliza yanakwenda kwa mgongo wa nani.

Kuna msemo tuliokuzwa nao: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nikidhani unahusu watu wenye roho ngumu. Sasa naona unahusu umbali tu. Ukiwa mbali hata jiwe linaonekana jepesi, na wala huhitaji kuwa mbaya. Inatosha uwe na shughuli.

Kazi yangu ya uandishi nayo imenilemaza kidogo katika hili. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Siku hiyo waandishi wote walijua la kufanya. Lakini nenda kwa mhariri wowote umwambie una habari ya boriti iliyopinda kwa upana wa kidole, inaendelea kubeba. Atakuuliza: imeanguka? Haijaanguka. Basi si habari. Tumezoea kuuhesabu uzima kwa kutokuwepo kwa maafa, na mtu anayezuia maafa kwa mwili wake haonekani popote katika hesabu hiyo. Kadiri anavyobeba vizuri ndivyo anavyopotea machoni.

Najua majibu yanayoweza kuletwa, kwa sababu nimejiletea mwenyewe usiku. La kwanza: dada hajawahi kulalamika. Kweli. Lakini upau nao haukulalamika, ulipinda. Mtu ana mdomo, mbao haina, sawa, ila tuwe wakweli kuhusu ni mdomo gani tunamwachia binti aliyebaki nyumbani. Akisema amechoka, amemchoka nani? Mama yake? Kila neno analoweza kulitumia tayari tumeshalipa jina baya.

La pili ni zito zaidi. Mtu atasema: kwa hiyo watoto wasiondoke? Nyumba isiyotobolewa ni giza. Mama mwenyewe alitaka twende shule, aliuza vitenge tusome. Ni kweli, na sitaki kuwa yule mtu anayejifanya anajuta kusoma. Kaka asingekwenda, paa lenyewe lingekuwa bado la makuti. Mafundi hawasemi usikate. Kila mlango na kila dirisha ulimwenguni ni mahali ambapo mtu alikata kitu kilichokuwa kikibeba kitu. Hoja ya Mjomba haikuwa kwamba nimekata. Ilikuwa kwamba mbao za kuongezea zilikuwa uani, nimezilipia, naziona, nikakata kwanza.

Na hapo ndipo jibu la tatu, lile langu nililolipenda, linapovunjika. Mimi natuma pesa. Kila mwezi, simu inalia Tanga, dada anaandika “ahsante mdogo wangu”. Si pesa kidogo kwa mshahara wa gazeti. Nilipomwambia Mjomba, tukiwa tunapima mbao siku ya pili, alichukua kipande kifupi, futi mbili hivi, akakiweka katikati ya upau uliopinda, ubavuni. “Hiki kinasaidia,” akasema. “Hakifiki popote, lakini kinasaidia.” Sijui kama alikuwa anazungumzia pesa au mbao. Mjomba si mtu wa mafumbo, huenda alikuwa anazungumzia mbao. Ila nyongeza isiyofika ukutani huku, wala kwenye mgongo wa paa kule, haiondoi uzito kwa jirani, inamkaza tu asipinde upesi. Ili ibebe, lazima nayo ikanyage ukuta.

Mafundi wa Marekani wana neno kwa kazi ya kuongezea mbao dhaifu mbao nyingine ubavuni. Husema wameipa dada. Nilikutana nalo kwenye video moja nikaisimamisha, nikakaa nalitazama kwa muda. Sitaki kulifanyia falsafa kubwa, maneno ya kazi huwa yana sababu zake za ovyo. Lakini hawakusema wameipa kaka.

Sisi wa huku tuna maneno yetu, nayo pia yanatuumbua. Tangu Azimio la Arusha la 1967 tumefundishwa kuliheshimu neno kujitegemea. Na mimi nilikwenda Tanga na kiburi cha kujitegemea, sihitaji fundi, nina video. Lakini litazame neno lenyewe. Tegemea, egemea, hayo ni maneno ya ukuta na nguzo. Umewahi kuona upau unaojiegemea wenyewe? Taifa labda linaweza kujitegemea, wataalamu waseme. Mtu mzima anayejisifu kwamba anajitegemea, nenda kavute uzi nyumbani kwao, katikati.

Jioni ya siku ile ya kwanza dada alirudi sokoni akakuta mirunda imesimama ukumbini kama tuko kwenye machimbo. Mama tulikuwa tumempeleka chumba cha mbele. Dada akatazama juu, akatazama kitanda kitupu, akauliza, “Angekuwa amelala hapa?” Nikasema hapana, tulimhamisha mapema. Akasema sawa. Akaanza kufagia unga wa mbao. Nikaanza kumweleza kuhusu mwanga, jinsi Mama atakavyoona mawingu, jinsi na yeye atakavyotunga uzi kwenye sindano bila taa.

“Mdogo wangu,” akasema bila kuacha kufagia, “mimi sikuomba dirisha. Niliomba mtu wa zamu ya usiku.”

Na aliomba kweli. Nikikumbuka, aliomba mara mbili kwenye simu, kwa njia yake, akichekacheka. “Hivi nyie likizo zenu mnazipeleka wapi?” Nilidhani ni utani. Nikajibu kwa utani.

Paa tulilimaliza kwa siku sita badala ya mbili. Tuliwaongezea majirani mbao nzima, kushoto na kulia, tukawanyoosha kwa jeki kidogo kidogo, robo inchi, kusubiri, robo inchi. Wa kushoto haukunyooka sawasawa. Mjomba anasema mbao iliyokaa ikazoea kupinda hairudi yote, unaipunguzia tu isiendelee. Tulilaza mbao za kukingama, mbili juu na mbili chini, na mbao mbili fupi za kusimama ili tundu lilingane na dirisha na kubaki nafasi ya vidole viwili kila upande. Fundi bati alitukunjia bati bapa la kuzuia maji, tukalivika kuanzia chini kwenda juu ili kila kipande cha juu kilale juu ya mwenzake. Na kule juu tulipiga misumari mingi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu paa la bati halibebwi tu, linashikwa. Kusi likivuma linaingia chini ya bati na kutaka kuondoka nalo. Kwetu Tanga huo ndio uzito wa theluji niliokuwa nikiucheka, isipokuwa unavuta kwenda juu.

Zamu za usiku hazikutatuliwa na dirisha. Tulipigiana simu sisi watatu, kaka akiwa Muscat, na ilikuwa simu mbaya. Kaka alisema anachangia zaidi ya wote. Mimi nikasema mambo niliyokuwa nimeyajua kwa siku nne tu kana kwamba ninayajua tangu zamani. Dada alinyamaza, kisha akasema hataki pesa za ziada, anataka tarehe. Kaka akaleta maneno ya kumwajiri msichana wa kazi. Dada akasema msichana wa kazi atamsaidia kufua, lakini Mama usiku anaita majina ya watoto wake. Mwishowe tarehe zilipatikana, zangu na baadaye zake, si nyingi. Nimeshazivunja mara moja, mwezi wa uchaguzi, na sababu nilikuwa nayo nzuri sana.

Zamu yangu ya kwanza ilikuwa wiki ile ile. Dada alikwenda Korogwe kwenye harusi ya rafiki yake, siku nne, akaniachia karatasi ya vidonge na maelekezo ya namna ya kumgeuza Mama bila kumvuta bega. Usiku wa pili mvua ilinyesha. Nilikaa chini ya dirisha langu nikisikiliza kona moja moja, tochi mkononi, natafuta tone. Halikuonekana. Saa nane na nusu Mama aliamka akaita jina la kaka, kisha la dada. Nikamgeuza vibaya, akaguna, nikamgeuza tena. Mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo na mwezi ulikuwa umeingia hadi kwenye shuka lake.

Akatazama juu kwa muda mrefu. Maneno yake siku hizi huja polepole.

“Nani katoboa paa?”

“Mimi, Mama.”

Akafikiri.

“Dada'ko anajua?”